Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 18: Nani Atampokea Anayembeba Mama?



Alhamdulillah, tumefika siku ya 18. Keshokutwa magharibi, in shaa Allah, tunaingia kumi la mwisho. Watu wameshaanza kupanga: nani atakaa itikafu, msikiti gani una kisimamo kizuri cha usiku, nani anakwenda Umra. Leo tumtazame mtu ambaye hawezi kupanga hata saa ya kuoga: anayekaa na mzazi aliyepotewa na kumbukumbu.

Unamjua, maana nyumba ya namna hiyo haikosekani mtaani. Mama mtu mzima anauliza jambo moja mara ishirini. Anaficha pesa chini ya godoro, kisha analia kaibiwa. Usiku anahangaika na mlango, anataka kwenda "kwao", na hiyo kwao ni nyumba iliyokwisha kubomolewa zamani. Siku nyingine anamtazama binti aliyemzaa mwenyewe, anamuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Wapo majirani wanaosema karogwa, wapo wanaosema uzee tu huo. Madaktari wanaita demensia. Ni maradhi ya ubongo, na Alzheimer ndiyo aina inayoonekana zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 duniani wanaishi nayo. Ndugu na jamaa wanaowahudumia wanatumia wastani wa saa 5 kila siku, na katika saa zote za kuwaangalia wagonjwa hawa, asilimia 70 ni za wanawake.

Sasa swali la leo. Binti huyu, au mkwe huyu, amekaa na mama miaka mitatu, minne. Hajalala usiku mzima tangu zamani. Mgongo unauma, presha inapanda, watoto wake wanamkosa. Anataka kuleta mtu wa kulipwa, aje kuishi pale nyumbani wiki mbili au tatu, amwangalie mama, ili yeye aende kulala, atibiwe, apumue. Je, huko ni kumtupa mama? Au ana haki?

Wengi tunajibu haraka, tena tukiwa mbali na hicho chumba. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi kabla ya kujibu, tuingie chumbani kwanza.

*Saa ya futari*

Wenye maradhi haya mara nyingi huchafukwa zaidi jua linapokaribia kuzama. Asubuhi mama ametulia, anacheka. Kuanzia alasiri anaanza kutembea huku na huko, anaogopa, anagombana na mtu asiyeonekana. Sasa iangalie hiyo saa katika Ramadhani. Ndiyo saa ambayo nyumba nzima imechemka: mihogo jikoni, sambusa kwenye mafuta ya moto, watoto wanakimbizana, redio inasoma, wageni wanabisha hodi. Kelele zote zinaingia kwenye kichwa kisichoweza kuzipanga. Anayemlea ana funga yake, ana chungu jikoni, na mkono mmoja umemshika mama asiliguse jiko la gesi.

Tena mama akisikia watu wamefunga, naye anakumbuka kwamba yeye ni Muislamu na huu ni mwezi wa funga. Anakataa maji, anakataa dawa. Umwambie kalamu imeondolewa kwa aliyepotewa na akili, kwamba yeye hadaiwi funga, hatakuelewa. Unamwambia "adhana imeshaadhiniwa, mama," saa sita mchana, ili anywe glasi moja ya maji. Halafu unakaa unajiuliza kama umemdanganya mama yako.

Usiku wa manane watu wakiamka daku, naye anaamka, halali tena. Alfajiri inaingia, siku inaanza upya.

Anayeishi hivi haombi anasa akiomba usingizi.

*Aliyembeba mama yake mgongoni*

Kuna kisa tunachokisikia sana misikitini. Imam Bukhari amekipokea katika kitabu chake cha Al-Adab al-Mufrad. Mtu mmoja wa Yemen alikuwa akitufu Al-Kaaba hali amembeba mama yake mgongoni. Akamuuliza Ibn Umar kama kwa kufanya vile amemlipa mama yake. Ibn Umar akamjibu kwamba hapana, hajalipa hata mguno mmoja wa uchungu wa kuzaa.

Kisa hiki tunakitumia kumfunga mdomo anayechoka. "Wewe umechoka nini? Yule alimbeba mama yake mgongoni na bado hakulipa!" Na dada wa watu ananyamaza, anarudi chumbani.

Lakini hebu kitafakari tena. Ibn Umar hakumwambia yule bwana ambebe zaidi. Hakumwambia akizunguka mara mia atakuwa amelipa. Alimwambia kwamba deni lile halilipiki. Kama halilipiki, basi hakuna kiasi cha kukesha, kuumwa na kujinyima kitakacholimaliza. Anayejiua kwa uchovu bado hajalipa. Aliyelala saa sita usiku mmoja hakuongeza deni lake.

Tunachodaiwa ni ihsani: mama awe salama, msafi, ameshiba, amesitiriwa, anasemeshwa kwa upole, mpaka Allah atakapomchukua. Hapo swali linabadilika. Badala ya kuuliza, "Je, nimeteseka vya kutosha?" tunauliza, "Je, mama anatunzwa vizuri, na ataendelea kutunzwa vizuri mwezi ujao na mwaka ujao?" Mbebaji akianguka, anayebebwa anaanguka naye.

Sura ya Al-Israa, aya ya 23, imetukataza hata kuguna mbele ya wazazi wakifikia uzee. Tuulizane kwa ukweli: mguno ule unatoka wapi? Mara nyingi hautoki kwenye moyo mbaya. Unatoka kwenye mdomo wa mtu ambaye hajalala siku nne, ameulizwa swali lile lile mara ya thelathini. Kumpa mtu huyu mapumziko ni kumkinga na mguno, na kumkinga mama asigunwe. Wala aya haiachwi. Mzazi yumo kwake, kitandani kwake, na kanga zake na tasbihi yake. Anayehama ni msaidizi kuja kwake. Hili lina maana kubwa kwa mgonjwa wa namna hii, kwa sababu ukimhamisha mahali anapotea zaidi.

*Mnyonyeshaji wa kulipwa*

Lakini mgeni? Mtu wa pesa?

Soma Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Inazungumzia mtoto mchanga, kiumbe asiyejiweza kama mama asivyojiweza leo. Aya inaeleza kunyonyesha kwa miaka miwili, kisha inaweka misingi. Nafsi haikalifishwi zaidi ya uwezo wake. Mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, wala baba. Na mkitaka kuwapa watoto wenu mnyonyeshaji mwingine, hapana dhambi, mradi mumpe kwa wema mlichokubaliana.

Hakuna kitu cha karibu kama ziwa la mama. Hata hilo Allah ameruhusu lishikwe na mwingine kwa malipo, pale inapohitajika. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa kwa Bibi Halima wa Bani Saad, na hatujamsikia mtu akisema Bibi Amina alimtupa mwanawe. Hii ni tafakari, ndugu zangu, si fatwa. Mwenye jambo lake zito amuone sheikh wake. Lakini ule msingi wa kutodhuru, kwamba anayelea asidhuriwe kwa sababu ya anayelelewa, sioni kwa nini tuuache mlangoni pale anayelelewa anapokuwa mzee.

Na Salman alipomkuta Abu Dardaa anafunga sunna mchana na kukesha usiku mpaka mke wake amesahauliwa, alimzuia. Akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, kila mmoja apewe yake. Mtume (S.A.W.) alipoambiwa, alimsadikisha Salman. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuumaliza mwili, utumishi nao una mpaka.

*"Sisi hatumpi mgeni mama yetu"*

Sasa tufike penye uchungu. Maneno haya, "sisi hatumpi mgeni mama yetu," mara nyingi nani anayasema? Si yule anayefua mashuka kila alfajiri. Ni kaka aliyeko Muscat, ni dada aliyeko Dar, kwenye kundi la familia, kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sisemi kutuma hela ni jambo dogo. Dawa, pampasi za watu wazima, uji wa lishe, bajaji ya kwenda kliniki, vyote ni hela, na wapo wanaojinyima ughaibuni ili mama ale. Allah awalipe. Lakini haki ya mama iko juu ya watoto wote wenye uwezo, na usiku hautumwi kwa simu. Ile aya ya 233 imemtaja mpaka mrithi, kwamba naye ana wajibu mfano wa huo. Tafakari hapo. Sote tutakaokuja kugawana nyumba ya mama, tumegawana nini katika usiku wake?

Kwa hiyo kama hutaki mgeni, una njia iliyonyooka: omba likizo, njoo wewe, lala chumba cha mama wiki mbili. Hiyo ndiyo bora kuliko zote, na mama anaweza kuijua sauti yako hata kama jina lako limempotea. Kama huwezi, changia gharama za msaidizi na umwondolee dada yako lawama. Ukikataa kuja na ukakataa msaidizi, umechagua dada yako aanguke, hata kama hukusema hivyo.

Na ikiwa anayemlea ni mkeo, kumbuka: wanazuoni wengi wanaeleza kwamba kumhudumia mama mkwe ni ihsani yake, si deni lake. Mama ni wako. Ihsani ya mtu haidaiwi kwa ukali, na haikosi shukrani.

*Mama hatakumbuka*

Kuna wazo jingine la hatari, nalo linatoka upande wa pili. "Alimradi hatakumbuka, mtu yeyote atafaa." Anatafutwa binti wa miaka 14 au 15 kutoka kijijini, analetwa na basi la usiku, anakabidhiwa mama na ufunguo, watu wanaondoka.

Qur'ani imetaja hali hii ya mtu kurudishwa kwenye umri dhaifu kabisa, asijue kitu baada ya kuwa alijua. Imo katika Sura ya An-Nahl, aya ya 70. Lakini kutojua kwa mama hakumaanishi haumii. Mgonjwa wa namna hii anaweza kusahau tukio baada ya dakika chache, na hofu ikabaki naye kutwa. Hajui ni nani aliyemkaripia, anachojua ni kwamba anaogopa. Upendo nao hivyo hivyo: hatakumbuka kwamba ulimpaka mafuta ya nazi miguuni, lakini jioni atakuwa ametulia.

Zaidi ya hapo, mama hawezi kushtaki. Akifinywa hatasema. Akinyimwa chakula atasema amekula, au atasema hajala hata akiwa amekula. Asiyeweza kushtaki ni amana nzito kuliko zote, kwa sababu mlinzi wake ni hofu ya Allah peke yake. Basi usimtwishe mtoto wa watu mzigo uliomshinda mtu mzima. Mtafute mtu mzima mwenye sifa unazoweza kuziulizia kwa waliokaa naye, mwenye subira, na wa kike kwa mama, wa kiume kwa baba, ili sitara ihifadhiwe.

*Anayekuja naye ana mwili*

Na huyo msaidizi? Naye anafunga. Naye ana mama yake, pengine mgonjwa, aliyemwacha kwa jirani ili aje kwa mama yako. Hapa ndipo wengi tunapokwama: tunamwondolea dada yetu mzigo kwa kumvunja mtu mwingine.

Aliyekesha na mama hawezi pia kupika futari ya watu kumi na wawili na kufua nguo za nyumba nzima. Mpeni saa zake za kulala mchana. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kwetu sisi, tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, wala si baada ya Idi tukishamaliza kununua nguo. Kubalianeni mapema: malipo, siku ngapi, kazi gani, nani atampokea yeye siku ya kupumzika. Kama hamna uwezo wa kumpa mapumziko, basi siku hiyo ni zamu ya familia.

*Ukiamua, ufanye hivi*

Msaidizi aje siku tatu nne kabla hujaondoka, mkae naye pamoja. Mama amuone wewe ukimcheka, ukila naye. Usitoroke tu alfajiri ukamwacha na sura asiyoijua.

Andika karatasi, ibandike ukutani. Dawa na saa zake. Mama anapenda kuitwa nani: Bi Mkubwa, Mama Fulani, au jina lake la utotoni. Anaogopa nini. Anaogaje, maji ya moto kiasi gani. Akililia kwenda kwao, asibishiwe. Aulizwe habari za huko kwao, atembezwe kidogo uani, mpaka moyo utulie. Saa za alasiri punguzeni kelele, washeni taa mapema, futari yake iandaliwe pembeni. Apewe maji mchana kutwa, kidogo kidogo.

Dawa zifungiwe. Jiko la gesi lizimwe kwenye mtungi. Mlango wa nje uwe na komeo analoliweza msaidizi lakini mama haliwezi.

Kila siku ndugu mmoja apite, bila kutangaza saa. Aangalie mwili, harufu, uzito, na macho ya mama msaidizi anaposogea. Kusogea huko kunasema mengi.

Tusidanganyane pia. Siku mbili tatu za mwanzo mama anaweza kulia, akasusa chakula, akakutafuta bila kujua anamtafuta nani. Mapumziko yako yana gharama, na sehemu ya gharama hiyo analipa yeye. Ndiyo maana yanapangwa kwa huruma, yanakuwa na siku ya kuanza na siku ya kwisha, na wewe unarudi. Tofauti ya kupumzika na kutelekeza iko hapo: anayepumzika ameacha mtu wa kuaminika, anafuatilia, na tarehe ya kurudi inajulikana. Aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kwenda jihadi aliulizwa kama wazazi wake wako hai, akaelekezwa ajitahidi kwao. Basi asiyeacha mtu kwa mama, akaenda kutafuta thawabu mbali, ameziacha thawabu nyumbani.

Tunaposoma njiani kijana anamwambia bibi mwenye kikapu kichwani, "Nikupokee," tunasema kalelewa vizuri. Hakuna anayemwambia bibi, "Umetupa mzigo wako." Mzigo haukutua chini, umehamia kichwa kingine kwa muda, na bibi ananyoosha shingo, anatembea. Kumpokea anayembeba mama ni adabu hiyo hiyo.

Usiku huu baada ya tarawehe, mpigie simu anayekaa na mzazi wenu. Umezoea kumuuliza, "Mama anaendeleaje?" Leo anza na yeye. Muulize, "Wewe jana umelala saa ngapi?" Kisha nyamaza, umsikilize. Halafu mwambie tarehe utakayompokea.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu waliosahau kila kitu isipokuwa jina Lako. Wape nguvu wanaowahudumia, ukubali usingizi wao kama ulivyokubali kukesha kwao. Tusitiri katika uzee wetu, utujaalie watoto watakaopokezana kwa upendo wala wasiachiane. Utufikishe kumi la mwisho tukiwa na afya na ikhlasi. Aamin.

Mtumie na mwenzako, hasa yule aliye mbali. Tukutane kesho, siku ya 19, in shaa Allah. Ramadhani Karim.